Jinsi ya Kuchunguza Sauti na Sarufi ya Lugha ya Kibantu bila Kuisikiliza kwa Sikio la Kiswahili

Mtu aliyesomeshwa kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza, kisha akaamua kuandika sarufi ya lugha ya bibi yake, huanza kazi akiwa na faida moja kubwa na hasara moja kubwa, na zote mbili zina chanzo kimoja. Faida ni kwamba Kiswahili nacho ni Kibantu, kwa hiyo ngeli, viambishi vya kitenzi na mnyambuliko si mambo mageni kwake. Hasara ni kwamba Kiswahili Sanifu kimepoteza, au hakiandiki, mambo kadhaa ambayo ndugu zake wengi bado wanayo: kina irabu tano tu, hakina toni (kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno), na mkazo wake karibu daima huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Sikio lililolelewa na mfumo huo huchuja lisilolitarajia, na mkono huandika kile tu ambacho sikio limekiruhusu kupita.

Maelezo yafuatayo ni ya mwanafunzi wa isimu, mwalimu au mzawa wa lugha anayetaka kuanza uchunguzi wa aina hiyo kwa utaratibu. Nimejifunga kwenye Kibantu kwa sababu lugha za asili za familia ya Niger-Congo zinazozungumzwa Tanzania, Kenya na Uganda ni za Kibantu. Kimaasai, Kijaluo, Kiiraqw, Kisandawe na nyingine kama hizo ziko nje ya familia hiyo na zinahitaji maandalizi tofauti.

Kabla ya kuwasha kinasa sauti

Anza kwa kujua lugha yako imewekwa wapi na waliokutangulia. Malcolm Guthrie alizigawa lugha za Kibantu katika kanda zenye herufi mwaka 1948, na hadi leo wanaisimu huzitaja kwa namba hizo: Kiswahili ni G42, Kizigua G31, Kigikuyu E51, Kisukuma F21, Kinyakyusa M31, Kiyao P21. Namba hizi ni anwani za kutafutia vitabu, hazithibitishi undugu, na lugha mbili zenye herufi moja zinaweza kuwa mbali kuliko unavyodhani. Kwa lugha za Tanzania, uliza pia machapisho ya Mradi wa Lugha za Tanzania ulioanza mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kuwa lugha kadhaa zilizokuwa hazina hata orodha ya maneno zilipata msamiati na maelezo ya sarufi kupitia mradi huo.

Kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH kwa Tanzania, NACOSTI kwa Kenya na UNCST kwa Uganda. Ukishakipata, bado utapita kwa mtendaji wa kijiji au chifu, na bado utapaswa kumweleza kila mzungumzaji, kwa lugha anayoielewa vizuri, unachorekodi, kitakakohifadhiwa na nani atakisikiliza. Rekodi ridhaa yake kwa sauti, mwanzoni mwa faili la kwanza.

Kuhusu wazungumzaji, watatu au wanne waliokulia mahali pamoja wanafaa zaidi kuliko ishirini waliotoka kata mbalimbali, kwa sababu mwanzoni unatafuta mfumo mmoja unaosimama wenyewe. Tofauti za lahaja zitapata siku yake. Chagua wanawake na wanaume, na umri uwe mchanganyiko. Kuna jambo ambalo vitabu vingi hulipita kwa aibu: mzee mwenye hadithi nzuri kuliko wote kijijini huenda hana meno ya mbele, na vikwamizo vyake vya meno, yaani sauti kama *th* na *dh*, havitakusaidia. Rekodi hadithi zake kwa heshima zote, lakini orodha ya sauti mpe mwingine.

Vifaa si lazima viwe vya gharama. Simu ya kisasa inaweza kutosha kwa kuanzia, mradi programu yake ihifadhi sauti katika muundo wa WAV badala ya MP3, kwa kiwango cha kilohezi 44.1 au 48, na maikrofoni ndogo ya kuvaa iwe karibu na mdomo wa msemaji. Muundo wa MP3 hutupa baadhi ya taarifa za sauti ili faili liwe dogo, na zilizotupwa hazirudi. Tafuta chumba chenye mapazia, magodoro au nguo, na uepuke bati wakati wa mvua. Kwenye kompyuta weka Praat, programu ya bure iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, ambayo itakuonyesha muda, kidatu (kiwango cha juu au chini cha sauti) na mawimbi ya kila silabi.

Namna ya kuuliza

Ipo orodha ya maneno 1,700 iliyotungwa mahsusi kwa lugha za Afrika, lakini usianze na yote. Chukua nomino mia mbili na vitenzi mia moja: viungo vya mwili, wanyama, mimea, vyombo vya nyumbani, kazi za shamba. Kila nomino iandikwe umoja na wingi papo hapo, maana wingi ukiuachia kesho utasahau kuuliza. Kila neno lisemwe mara tatu likiwa peke yake, kisha mara mbili ndani ya sentensi moja isiyobadilika, yenye maana kama “Alisema ... tena.” Sentensi hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu neno likiwa la mwisho katika usemi sauti hushuka, irabu ya silabi ya pili kutoka mwisho hurefuka katika lugha nyingi, na wewe utaandika tabia ya mwisho wa sentensi ukidhani ni tabia ya neno.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoanza kukutega. Ukimwuliza Mganda neno la “kufunga”, anaweza kukupa *okusiba*, yaani kufunga kamba, au *okusiiba*, yaani kufunga saumu au kushinda kutwa mahali. Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili, Luganda ina vitenzi viwili vinavyotofautiana kwa urefu wa irabu tu, na wewe usiyeusikia urefu utaandika kwamba Luganda nayo ina neno moja lenye maana mbili, tena utafurahi kwamba umegundua mfanano. Kwa hiyo uliza kwa vitendo, kwa picha, kwa kuonyesha kitu chenyewe, na pale unapolazimika kutumia Kiswahili toa mazingira kamili: “Mtu ana mbuzi na kamba, anamfanyaje?” Tahadhari pia na maneno yaliyokopwa. Majina ya meza, kitabu na saa yatakueleza jinsi lugha inavyopokea wageni, na hilo ni somo zuri, lakini hayafai kuwa ushahidi wa kwanza wa mfumo wa irabu.

Irabu: usikubali tano haraka

Lugha nyingi za Kibantu zina irabu saba. Kigikuyu huandika *i, ĩ, e, a, o, ũ, u*; Kisukuma, Kinyamwezi na Kinyakyusa nazo zina saba. Sikio la Kiswahili huisikia *ĩ* wakati mwingine kama *i*, wakati mwingine kama *e*, na dalili ya kwanza kwamba umeingia mtegoni ni daftari lako lenyewe: neno moja umeliandika kwa *i* Jumatatu na kwa *e* Alhamisi. Usilisahihishe kimyakimya. Kusitasita kwako ni data.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni ya kadi. Andika au chora maneno thelathini hivi yenye mzizi wa silabi moja, mpe mzungumzaji, mwambie aweke pamoja yale yanayofanana kwa sauti ya katikati, bila wewe kutamka chochote. Atapanga mafungu. Ukikuta mafungu saba mahali ulipoandika irabu tano, mwenye lugha amekwisha kukusahihisha, na kazi yako iliyobaki ni kupima kwa Praat ili uweze kueleza tofauti hiyo kwa wengine. Asiyejua kusoma hufanya zoezi hili vizuri kuliko aliyesoma, kwa kuwa tahajia haijamwekea mipaka.

Ushahidi wa pili hutoka katika mnyambuliko. Kiswahili chenyewe kinaonyesha jinsi kiambishi cha kutendea kinavyofuata irabu ya mzizi: *pikia, katia, fungia*, lakini *letea, somea*. Katika lugha unayoichunguza, nyambua mzizi mmoja wa kila irabu kwa kauli ya kutendea, kutendesha na kutendeka, kisha uangalie mizizi ipi inatembea pamoja. Irabu mbili ambazo hukuweza kuzitofautisha kwa sikio huenda zikatofautiana waziwazi kwa kiambishi kinachozifuata.

Inafaa kukaa kidogo hapa, kwa sababu Kiswahili kinabeba kumbukumbu ya irabu saba bila wasemaji wake kujua. Tazama *pika*: mtendaji wake ni *mpishi*, na *k* imegeuka *sh*; lakini kauli ya kutendea ni *pikia*, na *k* imebaki salama. Vivyo hivyo *fuata* hutoa *mfuasi* lakini *fuatia*. *Linda* hutoa *mlinzi* lakini *lindia*. *Jenga* hutoa *mjenzi* lakini *jengea*. Ikiwa *i* ndiyo iliyoigeuza *k* kuwa *sh* katika *mpishi*, kwa nini *i* ya *pikia* haikufanya hivyo? Jibu ni kwamba zamani hazikuwa irabu moja. Kiambishi cha mtendaji kilikuwa na irabu ya juu kabisa, ile inayosukuma konsonanti iliyoitangulia kuwa kikwamizo, na kiambishi cha kutendea kilikuwa na irabu iliyo chini kidogo, isiyo na nguvu hiyo. Baadaye Kiswahili kiliziunganisha irabu hizo mbili zikawa *i* moja, na badiliko la konsonanti likabaki kama alama ya ukuta uliobomolewa. Ukienda Kigikuyu utazikuta bado zimeachana: *ruga* ni kupika, *mũrugi* ni mpishi mwenye *i*, na *rugĩra* ni kupikia kwenye *ĩ*. Kwa hiyo ukikuta mtendaji na kauli ya kutendea vinatendea konsonanti tofauti katika lugha yako, hata kama una hakika kwamba leo ina irabu tano, umeshika mwanzo wa historia yake na unastahili kuufuata.

Urefu wa irabu hupimwa kwa urahisi zaidi. Chagua jozi unazoshuku, rekodi kila neno mara tano ndani ya sentensi ileile, na upime irabu kwa milisekunde. Kumbuka kwamba irabu kabla ya mfuatano wa nazali na konsonanti, kama *nd* au *mb*, hurefuka zenyewe katika lugha nyingi, na vilevile irabu iliyotanguliwa na *w* au *y* iliyotokana na irabu nyingine. Urefu wa aina hiyo unatabirika, na haupaswi kuhesabiwa sawa na ule unaotofautisha maana. Pima pia konsonanti, kwani zipo lugha ambamo nazo hurefuka: katika Luganda *okuta* ni kuachia na *okutta* ni kuua.

Konsonanti na mazingira yake

Konsonanti huwasumbua watafiti wa Kiafrika Mashariki kidogo kuliko irabu, isipokuwa pale tahajia ya Kiswahili inapoficha kitu. Mzee wa Lamu au Mombasa hutofautisha *paa* la nyumba na *paa* mnyama kwa mpumuo wa *p*, na *tembo* la mnazi na *tembo* wa porini kwa mpumuo wa *t*, ilhali maandishi hayaonyeshi chochote. Mpumuo uusikilize kwa kuweka karatasi nyembamba mbele ya midomo: ikirushwa, upo.

Baada ya kuorodhesha konsonanti, chunguza zinavyobadilika zinapokutana. Mahali pazuri pa kuanzia ni nomino za wingi zenye kiambishi cha nazali. Kiswahili husema *ulimi* na *ndimi*, *ubao* na *mbao*, lakini *ukuta* na *kuta*, ambapo nazali imetoweka mbele ya konsonanti isiyo ghuna (inayotamkwa bila nyuzi za sauti kutetemeka, kama *p, t, k*) na kwa baadhi ya wasemaji wa pwani imeacha mpumuo nyuma yake. Luganda husema *olulimi* na *ennimi*, Kigikuyu husema *rũrĩmĩ* na *nĩmĩ*: nazali ya kiambishi imekutana na *l* au *r*, na kwa sababu silabi inayofuata ina nazali nyingine, matokeo si *nd* bali nazali tupu. Andaa jedwali la umoja na wingi kwa kila konsonanti inayoweza kuanza mzizi, ukitenganisha mizizi yenye nazali ndani yake na isiyo nayo, na kanuni itajitokeza kabla hujamaliza ukurasa.

Badiliko jingine la kutafuta ni lile lililopewa jina la Dahl, mmisionari aliyefanya kazi Unyamwezi. Konsonanti mbili zisizo ghuna zikifuatana katika silabi jirani, ya kwanza huwa ghuna. Kigikuyu kina *kĩrĩma*, mlima, lakini *gĩkombe*, kikombe, na *gĩtĩ*, kiti. Kina *kũruga*, kupika, lakini *gũtema*, kukata. Na jina la lugha yenyewe, *Gĩkũyũ*, linaitii kanuni hiyo. Jambo la kuvutia ni *gũthoma*, kusoma. *Th* ya Kigikuyu leo hutamkwa kama *dh* ya Kiswahili, yaani ni ghuna, lakini bado inakigeuza kiambishi, maana kanuni inaikumbuka sauti ilivyokuwa zamani. Mtafiti anayetazama matamshi ya leo tu angeiandika kuwa ni neno lisilofuata kanuni na kuendelea na safari.

Toni, ambayo wengi huiahirisha hadi ikawashinda

Ushauri wangu ni kinyume cha desturi: shughulikia toni tangu juma la kwanza. Anayesema ataiongeza baadaye hujikuta na maneno elfu mbili ambayo lazima ayarekodi upya.

Katika Lingala *moto* ni mtu na *motó* ni kichwa. Jozi kama hizo hutajwa sana madarasani, lakini katika lugha nyingi za Kibantu za kwetu jozi za nomino ni chache na toni hufanya kazi kubwa zaidi katika kitenzi, ambako hutofautisha njeo, ukanushi, au sentensi kuu na sentensi rejeshi. Kwa hiyo usikate tamaa ukikosa jozi, wala usitangaze kwamba lugha haina toni. Zipo lugha zilizoipoteza kama Kiswahili, na Kinyakyusa ni mojawapo, ingawa kimebaki na irabu zake saba. Lakini tamko hilo huja mwishoni mwa uchunguzi.

Anza na nomino. Zipange kwa idadi ya silabi na umbo la silabi, usichanganye neno la silabi mbili na la silabi nne. Mwombe mzungumzaji aseme neno, kisha alipige mluzi. Wengine hucheka, wengine huona aibu, na mahali pengine mluzi wa mwanamke una maana zake, basi aimbe kwa mdomo uliofumbwa. Maneno ya mluzi mmoja yaweke pamoja. Kwa nomino za silabi tatu utapata mafungu mawili, matatu au manne, na fungu jipya likizaliwa kwa neno moja tu, lirudie neno hilo na msemaji mwingine kabla ya kuliamini. Kisha yaweke maneno yote ndani ya sentensi mbili tofauti, moja ikiwa na toni ya juu kabla ya neno na nyingine ikiwa na toni ya chini, kwa sababu toni ya juu huweza kusambaa kutoka neno moja hadi jingine. Mahali ambapo toni mbili za juu zinakutana, angalia kama moja inashuka. Katika lugha kadhaa za Kibantu ya pili huwa chini, na kanuni hiyo imepewa jina la Meeussen, mwanaisimu wa Ubelgiji.

Vitenzi vya Kibantu vyenye toni kwa kawaida hugawanyika mafungu mawili: mizizi yenye toni ya juu na mizizi isiyo nayo. Kuyatambua si rahisi kila mara, kwa maana toni inaweza kuonekana mbali na mzizi wake. Mfano ninaoupenda ni wa Kizigua cha Handeni. *Kuguha*, kuchukua, hakina toni ya juu popote. *Kulombéza*, kuomba, kina toni ya juu kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukikinyambua kuwa *kulombezéza*, kuombea, toni inasogea. Ukiongeza tena, *kulombezezána*, kuombeana, inasogea tena. Toni ni mali ya mzizi *lombez*, lakini makazi yake ni silabi ya pili kutoka mwisho. Sasa mfikirie mtafiti mwenye sikio la Kiswahili akisikia *kulombéza*. Silabi hiyo ndiyo ambayo Kiswahili huweka mkazo, kwa hiyo ataandika “mkazo, kama Kiswahili” na kufunga mlango. Kinachomwokoa ni *kuguha* pekee, ambacho kingekuwa na mkazo huohuo kama ungekuwa mkazo, lakini hakipandi. Fundisho la kiutendaji ni hili: kila kitenzi unachokijaribu kinyambue hadi kiwe kirefu, na kila kitenzi kirefu kilinganishe na kingine cha urefu uleule kutoka fungu la pili.

Ukiingia katika Praat, weka mipaka ya kidatu kati ya hezi 75 na 300 kwa sauti ya mwanamume na 100 na 500 kwa ya mwanamke, la sivyo programu itachora michirizi ambayo haipo. Chagua maneno yenye *m, n, l* na irabu. Konsonanti zisizo ghuna hukata mstari wa kidatu, na hutajua kama toni imeshuka au imefichwa. Mchoro usiupe mamlaka juu ya mzungumzaji: kidatu hushuka polepole kuelekea mwisho wa kila sentensi, hivyo toni ya juu ya mwisho inaweza kuwa chini, kwa hezi, kuliko toni ya chini ya mwanzo.

Ngeli zinatambuliwa kwa upatanisho

Kosa la kawaida ni kupanga nomino kwa kiambishi kinachoonekana. Kiswahili chatosha kulionyesha: *kifaru* kina *ki-*, lakini haisemwi “kifaru kikubwa kimekufa”, husemwa “kifaru mkubwa amekufa.” Kwa hiyo kila nomino iingize katika sentensi yenye kiashiria, kimilikishi, kivumishi, namba na kitenzi, umoja kisha wingi: “... hii yangu moja nzuri imeanguka.” Safu hizo tano za viambishi ndizo zitakazokuambia nomino iko ngeli gani. Zipe ngeli namba kwa mpango wa kimataifa ulioanzia kwa Bleek na Meinhof, wanaisimu wa Kijerumani, ambamo 1 na 2 ni za watu, 7 na 8 ni za *ki-* na *vi-* ya Kiswahili, 15 ni ya kitenzi-jina, na 16, 17, 18 ni za mahali. Majina ya shuleni kama A-WA na KI-VI yanafaa Kiswahili, lakini hayakusaidii kulinganisha lugha.

Tafuta ngeli ambazo Kiswahili Sanifu hakinazo. Uliza udogo: Luganda ina *akambe*, kisu, na wingi wake *obwambe*, yaani ngeli ya 12 na 14, na ina *otu-* ya kiasi kidogo, kama *otuzzi*, maji kidogo. Uliza ukubwa wa dharau, ambao Luganda huuweka katika *ogu-* na *aga-*. Uliza pia irabu tangulizi, ile *o* ya *omuntu*: isikilize inapotokea na inapotoweka, hasa baada ya kitenzi cha kukanusha, ambapo Luganda husema *siraba muntu*, “sioni mtu”, bila *o*. Ukirekodi maneno yaliyosimama peke yake tu hutaona kamwe kwamba irabu hiyo ina kazi katika sarufi.

Kitenzi

Andaa jedwali lenye nafasi: ukanushi, kiima, njeo, yambwa, mzizi, viambishi vya mnyambuliko, irabu ya mwisho. Lijaze, kisha ulitilie shaka. Kwanza, njeo. Kiswahili kina *-li-* moja kwa tendo la asubuhi na la mwaka jana, na ukiuliza “nilifanya kazi” utapewa jibu moja. Luganda ina *nnakoze* kwa muda wa karibu na *nnakola* kwa muda wa mbali, na zipo lugha zenye daraja zaidi. Uliza kila kitenzi na “sasa hivi”, “leo asubuhi”, “jana”, “mwaka jana”, “zamani za babu”, na vivyo hivyo kwa wakati ujao. Pili, yambwa. Kiswahili huruhusu kiambishi kimoja cha yambwa, kwa hiyo husemi “alikimpa”. Kinyarwanda huruhusu zaidi ya kimoja. Jaribu viwili, badilisha mpangilio wake, na uandike pia sentensi ambazo wazungumzaji wamezikataa, kila moja ikiwa na alama ya kukataliwa, maana bila hizo huwezi kujua mpaka wa kanuni uko wapi. Tatu, usitegemee maswali peke yake. Hadithi ya dakika kumi, maelezo ya kutengeneza pombe au kujenga nyumba, ugomvi wa mpaka wa shamba unaosimuliwa na aliyekuwapo, vitakupa maumbo ya kitenzi ambayo hakuna swali lingeyatoa.

Atakayetoka nje ya Kibantu kwenda Afrika Magharibi atakuta ndugu wa mbali wenye sura tofauti. Kifulani huweka ngeli mwishoni mwa nomino na hubadilisha konsonanti ya mwanzo, *pullo* na *fulɓe*, Mfulani na Wafulani. Kiwolofu kimehamishia ngeli kwenye neno linalofuata nomino, *xale bi*, mtoto huyo, na *xale yi*, watoto hao. Kiyoruba hakina ngeli za namna yetu, lakini toni zake tatu hutenganisha *ọkọ*, mume, na *ọkọ́*, jembe, na *ọkọ̀*, chombo cha kusafiria.

Mwisho wa kila juma, msomee kwa sauti matini uliyoiandika mzungumzaji ambaye hakuwapo wakati wa kurekodi, ukifuata irabu na toni ulizoziweka wewe, na utie alama kila mahali anapokukatiza. Faili lipewe jina lenye tarehe, msimbo wa lugha na namba ya msemaji badala ya jina lake. Nakala moja ikae kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski isiyokaa nyumba moja na kompyuta hiyo, na ya tatu, katika kadi ndogo ya kumbukumbu ambayo simu yoyote inaweza kuisoma, ibaki kijijini kwa mtu waliyemchagua wazungumzaji wenyewe.